Jinsi Nilivyoshindwa Kutoroka Italia

Watu wa kwetu wakisikia kwamba nimewahi kupanda boti ya kifahari kule Italia, jioni, jua likizama, familia moja tu na nahodha wake, hunitazama miguu kwanza. Halafu uso. Halafu husema, "Wewe?"

Ndiyo, mimi. Mimi niliyeacha shule darasa la sita, mwenye visigino vinavyokwaruza shuka. Nilikalia mto mweupe kuliko kitambaa cha meza ya Bwana, na nahodha akanishika mkono nishuke kana kwamba mimi ni mke wa balozi. Wakishamaliza kushangaa huja na swali la pili, na hilo ndilo huniwasha: "Sasa ulirudi kufanya nini?"

Nitajibu. Lakini kwanza wenye makosa watajwe, maana mimi si mtu wa kusamehe kwa jumla. Nasamehe mmoja mmoja, na wengine foleni bado haijawafikia. Majina nayaacha. Wakijisoma hapa watajikuna.

Wa kwanza ni ajenti wa Nairobi, mtu wa suti ya kijivu na Biblia juu ya meza, aliyeniambia nakwenda Dubai kuwa keshia wa supamaketi. Alinifundisha hata namna ya kumtabasamia mteja. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo kilichopasuka, na meno yangu haya, kumbe kazi niliyokuwa naendea ni ya kutazamana na choo. Wa pili ni jirani yangu wa Kitale, mwanamke tuliyekuwa tukiombana chumvi, aliyenipeleka kwa huyo ajenti huku akijua fika supamaketi hiyo ni ya aina gani. Halafu kuna madam, tajiri wangu wa Dubai. Halafu kuna sir, mume wake, ambaye kosa lake lilikuwa kutokuwepo hata akiwepo. Na kuna mwenyekiti wa ushirika wetu wa maombi wa Ijumaa, ambaye mpaka leo hunitumia salamu za Krismasi. Yeye alinikosea kwa upendo, na kosa la upendo halina dawa. Mimi mwenyewe nimo, ila nitajishughulikia polepole.

Nyumba ilikuwa Mirdif, mtaa wa Dubai, villa ya rangi ya unga wa muhogo, na ndege zilikuwa zinapita juu yake kuelekea uwanjani mpaka vikombe vinalia kabatini. Mwaka wa kwanza kila ndege ikipita nilikuwa nainua kichwa na kusema, ile ni ya Nairobi. Baadaye niliacha. Shingo ilikuwa inauma na sahani zilikuwa zinangoja. Nililala kwenye chumba cha mashine ya kufulia, na usinihurumie sana, mashine ile ilikuwa na joto zuri AC ya nyumba ilipozidi. Madam alikuwa na mkono mwepesi. Simu yangu ilikaa kwenye droo yake, pasipoti yangu ilikaa kwenye mkoba wake, na mimi nilikaa pale nilipoambiwa nikae.

Mtoto wao alizaliwa nikiwa tayari ni mwenyeji wa nyumba hiyo. Walimnunulia kitanda kinachojibembeza chenyewe kwa umeme na kuimba. Akakikataa kabisa. Alilia mpaka akawa rangi ya bitiruti. Siku moja madam alikuwa saluni, nikachukua leso yangu, nikamtupa mgongoni, nikafunga. Akanyamaza kabla sijakaza fundo. Madam aliporudi na kutuona alipiga kelele kwamba mtoto wake si tumbili. Jioni mtoto alipoanza tena kulia, yeye mwenyewe aliniletea ile leso, akaielekeza kwa kidole bila kunitazama. "Khalas," alisema, yaani basi. "Fanya hiyo kitu yako."

Tangu hapo mtoto alihamia mgongoni. Nilipika naye, nilipiga pasi naye, nilipiga deki naye. Nikiinama anainama, nikiinuka anainuka. Mgongo usipokuwa na mtu nilikuwa nahisi baridi, kama mtu aliyesahau kuvaa sweta.

Sasa, sir alikuwa anauza marumaru, yale mawe ya sakafu na ya kaunta za jikoni, na mawe yenyewe yalikuwa yanatoka Italia. Kiangazi kimoja, Dubai imekuwa kama ndani ya jiko, aliamua kupeleka familia huko. Muuza mawe wa kule alitaka kumfurahisha mteja wake, akamwahidi jioni moja ya boti: pwani nzima, machweo, familia yake peke yake. Madam aliniambia habari hizo nikiwa nasugua sinki.

"Na wewe utakuja."

"Mimi, madam? Italia?"

"Nani atamshika mtoto?" akasema, kana kwamba nimeuliza swali la kijinga, na kweli lilikuwa la kijinga.

Alinipeleka ofisi ya viza nikabonyeza vidole kwenye kioo. Aliniagiza nisiseme neno, na mimi nikabana midomo mpaka yule afisa akauliza kama naumwa jino.

Ijumaa iliyofuata ilikuwa yangu. Nilipanda basi mpaka metro, nikashuka Al Rigga. Ushirika wetu ulikuwa unakutana kwenye ukumbi wa juu wa hoteli moja pale, ukumbi ambao usiku ulikuwa wa dansi na shisha, kwa hiyo tulikuwa tunamsifu Mungu ndani ya harufu ya tumbaku ya tofaa. Mwenyekiti wetu alikuwa Mkamba wa Machakos, muuzaji wa duka la manukato mtaa huo huo, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka mtoni. Nilimwambia pembeni, kwa siri. Kwake yeye siri ni kitu cha kuongeza sauti.

"Italia?" akasema, na viti kumi vikageuka. "Mama, Mungu amekufungulia mlango, halafu wewe unaniuliza kama kuna baridi?"

"Nauliza nivae nini."

"Vaa viatu vya kukimbia!"

Akina mama wakacheka, halafu wakaacha kucheka, halafu wakasogeza viti. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mimi natoroka. Sikuwa nimepanga. Mpango ulikuja ukiwa umeiva, kama chakula cha matanga, mimi nikapakuliwa tu. Mwenyekiti alikuwa na binamu yake Napoli, anatunza wazee, anaishi vizuri, analala kwenye kitanda chenye miguu. Namba yake ikaandikwa kwenye kitambaa na kushonewa ndani ya mshipi wa sketi yangu.

"Na pasipoti?" nikauliza. "Iko kwa mkoba wa madam."

"Binamu yangu anasema kule mtu anaishi tu kwanza. Karatasi hufuata."

"Na mtoto?"

Hapo dada mmoja aliyekuwa amefanya kazi Kuwait akainua kidole. "Mtoto ndiye wa kwanza. Sikiliza vizuri. Usimwache mtoto wa watu barabarani, hiyo ni kesi. Mtoto mikononi mwa mama yake, halafu unasema unaenda choo. Choo hakina maswali."

"Halafu?"

"Halafu treni yoyote. Sema Napoli, usiseme kitu kingine."

Wakaniwekea mikono, wakaomba. Mwenyekiti aliomba Bwana afanye njia pasipo na njia, na kila mtu akaitikia amina kwa kishindo, na mimi nikalia machozi ya mtu aliyekwisha kuokoka. Siku zote zilizobaki Mirdif nilikariri nikiosha vyombo, kimoyomoyo, kama mtoto wa chekechea: mtoto, choo, treni, Napoli. Mtoto, choo, treni, Napoli. Nilinunua raba nyeupe za bei ya chini pale Deira. Madam aliziona, akaniuliza kama nimeanza michezo.

Italia sitaieleza sana, kwa sababu siku za kwanza niliiona kupitia dirisha la bafu la hoteli, nikifua fulana za mtoto. Niliona mlima, na nyumba zilizobandikwa mlimani moja juu ya nyingine, rangi ya papai na rangi ya maziwa, na chini kabisa bahari. Nilijiuliza watu wa nyumba ya juu wakisahau chumvi dukani wanafanya nini. Hayo ndiyo mawazo yangu makubwa kuhusu Ulaya.

Jioni ya boti ikafika. Nilivaa sketi yenye mshipi ule, na raba. Boti yenyewe ilikuwa ya mbao iliyong'arishwa mpaka unaweza kujichania nywele ndani yake. Nahodha alikuwa mzee wa mvi, kifua wazi mpaka kitovuni, peku. Alitusimamisha kwenye ubao wa kuingilia akatuonyesha kikapu. Kumbe boti kama hizo hakuna kupanda na viatu, vinakwaruza mbao. Madam akavua vya kisigino, sir akavua vyake vya ngozi, na mimi raba zangu za wokovu zikaingia kikapuni, chini kabisa. Sikuwaza. Nilikuwa nakariri.

Mimi ni mtu wa Kitale. Maji mengi niliyokuwa nimeyajua kabla ya hapo ni ya tangi la shule. Boti ilipoondoka nilishika kile chuma cha pembeni nikamwahidi Mungu mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa, kwa sababu sikuyatimiza. Sir alianza kupiga picha. Akaniashiria nisogee kidogo kulia. Nikasogea. Kidogo tena. Nikasogea. Nyumbani Mirdif mtu akisogezwa nje ya picha anaishia jikoni, lakini boti ina mwisho wake, na mimi niliishia nimening'iniza makalio juu ya bahari ya Wazungu, natabasamu lile tabasamu la ajenti, huku sir akisema, "Good, good."

Halafu likatokea jambo la ajabu. Madam alimtaka mtoto. Alimtaka kwa ajili ya picha, mama na mwana na jua nyuma yao, lakini alimtaka. Akampokea mikononi, nikarudisha leso begani, na ndani yangu kitu kikasema kwa sauti ya mwenyekiti: mtoto, tayari. Nilihisi kama nimefaulu mtihani. Mbele yetu palikuwa na ghuba ndogo, kijiji, gati la mawe, mwavuli wa duka la aiskrimu. Nahodha alikuwa amesema tutasimama hapo. Nilibaki na choo, treni, Napoli.

Mawimbi ya boti kubwa iliyopita yakatufikia, yakatuinua na kutuangusha. Mimi mtu wa bara nilikuwa nimetafuna tangawizi tangu asubuhi, nikabaki mzima. Madam, ambaye babu zake walikuwa wapiga mbizi wa lulu, na alikuwa hachoki kutuambia hivyo, akageuka rangi ya kijani na kuinamia bahari. Pakawa na fujo. Sir anamshika nywele, nahodha anatafuta taulo, mtoto analia, mikono inapishana. Nilipokea nilichopewa, nikafunga nilichofunga, kama kazi yangu ya kila siku, lakini macho yangu yalikuwa kwenye kile kijiji na kichwa changu kilikuwa kwenye treni.

Gatini sir alimkalisha madam kwenye kiti cha duka la aiskrimu, naye madam akalala amefumba macho, miwani ya jua imekaa upande. Nikainama.

"Madam. Choo."

Akapunga mkono, nenda.

Nilitembea kama mtu anayeenda choo mpaka kwenye kona. Baada ya kona nilikimbia. Kulikuwa na kichochoro cha ngazi kinachopanda katikati ya nyumba, na mawe yake yalikuwa bado na moto wa mchana, na hapo ndipo nilipojua kwamba niko peku. Raba ziko kikapuni. Nilisimama kidogo. Nikajiambia, mwanamke, ulikua ukitembea peku, ukaenda Dubai ili uvae viatu, sasa umefika Ulaya na uko peku tena. Nikacheka kwa sauti, peke yangu, halafu nikaendelea kupanda. Nilihisi mzito. Nilipumua kama ng'ombe. Nikasema hii ni hofu, hofu nayo ina kilo zake.

Juu kidogo alikuwa amekaa mama mzee mlangoni pake, ana beseni mapajani, anatoa maharagwe mabichi kwenye maganda. Aliinua uso akaniona. Uso wote ukamfunguka. Akakutanisha viganja, akainamisha kichwa upande, akabusu ncha za vidole na kunirushia lile busu.

Nikwambie ukweli, miaka yangu yote Dubai hakuna mtu aliyenitazama hivyo. Nilitazamwa kama ufagio unavyotazamwa, kuona kama upo. Nikajisemea, kumbe iko nchi yenye watu wenye macho! Nikasimama vizuri. Nikavuta tumbo. Nikageuza shingo kidogo ili aone upande wangu mzuri, ule usio na kovu la mafuta. Yule mama akainuka, akaja akicheka, akanyoosha mkono kuelekea shavu langu, nami nikaliandaa shavu. Mkono ukapita. Ukapita shavu, ukapita sikio, ukaenda nyuma ya bega langu ukafinya kitu.

Na kile kitu kikanipigia chafya shingoni.

Nikatia mkono nyuma, polepole, kama mtu anayejipapasa jipu. Mguu. Soksi. Mguu wa pili. Fundo la leso lilikuwa kifuani mwangu, limefungwa vizuri sana, fundo la mtu mwenye uzoefu. Kwenye ile fujo ya botini madam alikuwa amenirudishia mtoto, na mimi nilikuwa nimembeba kama mtu anavyovaa sweta. Nilikuwa nimetoroka na mtoto wa tajiri wangu mgongoni, peku, katika nchi ambayo nilijua neno lake moja tu, na neno lenyewe ni Napoli.

Niliketi kwenye ngazi. Yule mama aliona miguu yangu, akaingia ndani akatoka na ndara za plastiki na gilasi ya maji. Nikanywa. Nikafikiri, na mimi kufikiri kwangu hakujawahi kunifikisha mbali. Nikiendelea naye, polisi watanikuta na kesi ya kuiba mtoto, na uso wangu na wake haziwezi kusingiziana undugu. Nikirudi naye, nimerudi Mirdif. Basi nikafungua leso. Nikamshusha, nikamweka kwenye mikono ya yule mama, nikamwonyesha kwa kidole bandari kule chini, mwavuli ule pale, mama yake yule pale, nikaweka mikono kifuani pangu kwa kumshukuru. Alielewa nusu. Alikubali mtoto mzima.

Nikavaa ndara nikapanda.

Nilikuwa nangoja kilio. Ukweli ni huo, kila ngazi niliyopanda nilikuwa natega sikio, kwa sababu akilia nitakuwa na kisingizio. Mtoto niliyemlea tangu kitovu hakijakauka, asiyelala pengine ila mgongoni mwangu, hakulia hata kidogo. Niligeuka kuangalia kama yuko hai. Alikuwa amekaa mapajani pa mama wa watu kama mfalme, amevuta beseni, na mkono wake uko ndani ya maharagwe.

Mkono ukatoka kwenye beseni. Ukaelekea mdomoni.

Mimi namjua huyo mtoto. Nilishamtoa mdomoni betri ya rimoti, kifungo cha kanzu ya baba yake, na kipande cha tende chenye kokwa kilichokaribia kumuua Idi ya mwaka ule. Yeye hatafuni, anameza. Yule mama alikuwa anaangalia bandari, anatafuta mwavuli niliomwonyesha. Nilishuka zile ngazi sijui vipi. Ndara moja ilibaki juu. Nilimshika taya, nikatia kidole, nikazungusha, nikatoa haragwe, moja, na nyuma yake jingine. Nikampiga mgongoni. Akanitazama kwa hasira ya mtu aliyenyang'anywa mali yake, na hapo sasa ndipo akalia.

Nikatupa leso mgongoni. Nikafunga.

Sitaki mtu aniambie hiyo ni huruma, au kwamba ni upendo. Mwenyekiti alijaribu kuniambia hivyo, nikamkatalia. Ni kazi tu. Mkono uliokwisha kuzoea kazi hauulizi mwenye mkono ana mipango gani.

Niliifuata ndara iliyobaki juu, nikarejesha zote mbili, yule mama akakataa kuzipokea, akanifungia maharagwe kwenye karatasi. Nikateremka. Chini pale sir alikuwa anakula aiskrimu ya rangi mbili.

"Choo mbali?" akauliza.

"Mbali, sir."

"Na hiyo nini?"

"Maharagwe, sir."

Akaangalia maharagwe, akaangalia ndara, akaangalia simu yake. Sir hakuwahi kuuliza maswali matatu kwa siku moja.

Tulirudi na boti jua likiwa linagusa maji. Machweo yenyewe, yale ya zawadi, yale ambayo watu wanasafiri nusu ya dunia kuyaona, mimi niliyaona kwenye miwani ya madam. Nilikuwa nimeketi nimeyapa mgongo, ili mtoto ayaone yeye, na madam alikuwa amelala mbele yangu. Kwenye kila kioo cha miwani kulikuwa na jua dogo jekundu, na mbele yake kitu cheusi chenye vichwa viwili. Ilinichukua muda kujua kwamba ni sisi.

Ijumaa ya kwanza baada ya kurudi, Al Rigga, sikuwa nimekaa vizuri mwenyekiti akanivamia.

"Umerudi!"

"Nimerudi."

"Kwa nini umerudi? Tulifunga siku tatu kwa ajili yako! Tulikuwa tumeshamwambia binamu, amekutandikia kitanda!"

"Nilitoroka," nikasema. "Ila nilimsahau mtoto."

"Ulimsahau wapi?"

"Mgongoni."

Yule dada wa Kuwait akaanza kucheka, pole pole, kama sufuria inayochemka, mpaka wote wakawa wanajipiga mapaja, mwenyekiti anashika ukuta. Wiki nzima simu za Wakenya wa Deira zilikuwa na habari hiyo. Wengine walisema nimezoea utumwa, natafuta sababu. Nilipewa jina, sitaliandika. Nikacheka nao, maana usipocheka nao utacheka na nani.

Lakini kicheko kizima nilikikuta Mirdif, majira ya baridi. Madam alikuwa na rafiki yake sebuleni, mwanamke wa villa ya pili, ambaye mwaka huo alikuwa amempoteza mfanyakazi wake Ufaransa. Alikuwa ameingia naye duka moja la viatu na kutoka peke yake. Mimi nilikuwa namimina kahawa. Kiarabu cha jikoni nilikuwa nacho, tena kingi kuliko walivyodhani, ila nilikuwa sikitumii, kama mtu mwenye nguo ya sikukuu.

"Kosa lako," madam akamwambia, "ulimwacha mikono mitupu. Mimi huyu wangu Ulaya sikumwacha na mikono mitupu hata kidogo. Siku ya boti nilikuwa nakufa, wallahi, natapika roho, lakini nilimrudishia mtoto. Niliona anavyoangalia kile kijiji. Nikasema nikimshika mimi, huyu haonekani tena."

"Na hakwenda?"

"Aende wapi na mtoto mgongoni? Alisema choo, nikamwambia nenda. Sikufungua hata jicho."

Nilisimama na birika mkononi. Miezi yote hiyo nilidhani siri yangu ni kubwa kuliko nyumba ile, kumbe madam alikuwa ameisoma kabla sijamaliza kuiwaza, akanifunga kufuli, na kufuli lenyewe nililifunga mimi kwa mikono yangu, mafundo mawili. Mimi na ushirika mzima na kufunga kwetu siku tatu. Na hapo hapo nikataka kumwambia: madam, nilikwenda. Nilikwenda naye. Kufuli lako nililibeba mpaka juu ya mlima, na lilikaribia kufa kwa haragwe huku wewe umefumba macho. Ilikuwa ndiyo hadithi nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, na mtu pekee aliyestahili kuisikia ndiye angenipeleka jela kwa kuisikia. Kahawa ikafurika kikombe. Rafiki yake akaruka.

"Yalla, angalia unachofanya!" madam akasema.

"Samahani, madam."

Kiangazi kilichofuata mtoto alikuwa anatembea. Anakimbia, hasa, na viatu vinavyowaka taa. Familia ilikwenda Uingereza. Mimi nilipelekwa Sharjah kwa mama yake madam, kupika uji wa wazee wawili, na sikuuliza kwa nini. Nilijua. Mgongo wangu ulikuwa umekwisha kazi.

Nilitoka Dubai baadaye kwa njia ya kuchosha kabisa, ambayo hakuna mtu huniomba niisimulie. Mkataba uliisha. Madam akasema niongeze, nikasema khalas. Akasema ataniboreshea chumba, nikasema khalas. Sir akaulizwa maoni yake, akasema inshallah. Asubuhi ya safari madam alisimama mlangoni na pasipoti yangu mkononi, tumbo lake limeanza kuonekana tena chini ya abaya, na kwa mara ya kwanza nilimwona ana uso wa mtu anayeogopa.

"Na huyu anayekuja," akasema, "nani atambeba?"

Nikapokea pasipoti. Niliifungua kuhakikisha ni yangu. Nikamjibu kwa kile Kiarabu changu cha sikukuu, neno kwa neno, bila haraka:

"Utambeba wewe, madam. Mgongo unao."

Dereva alikuwa ameshawasha gari. Nikaingia, na mpaka uwanja wa ndege nilikaa nimeegemea kiti kabisa, mgongo wote.